Dumu la Maji Juu ya Kreni

Kila asubuhi, kabla ya kupanda ngazi za kreni, mama mmoja mwendesha kreni alisukutua kinywa, akayatema maji, akapanda na koo kavu. Kule juu hakuna choo, na kushuka ni safari. Tena siku alipokabidhiwa kiti cha kuiendesha, msimamizi wa ujenzi alisema mbele ya watu, "Mwanamke atatuchelewesha. Kila saa atataka kushuka." Basi akaapa moyoni kutoshuka mpaka jioni. Mafundi wakambandika jina la Ngamia, naye akalipenda. Ujinga mtupu! Ngamia mwenyewe akifika kisimani hunywa mpaka watu wakashangaa.

Kibanda chake cha kioo kule juu kiliwaka jua mchana kutwa. Njaa akiidanganya kwa karanga za chumvi. Jioni mkojo wake ulitoka umekolea kama chai iliyosahauliwa jikoni, lakini akasema ni uchovu tu.

Siku moja, matofali yakiwa yananing'inia hewani, maumivu yakamshika ubavuni kwa nyuma, yakateremka mpaka kinenani. Yakaachia kidogo, yakarudi kwa hasira. Jasho likamtoka, kichefuchefu kikamkaba. Akaumauma meno, akayatua matofali taratibu mahali pake, ndipo akashuka ngazi huku analia. Chooni aliona damu.

"Una jiwe kwenye mrija unaotoka kwenye figo," daktari alimwambia baada ya kumpiga picha.

"Jiwe? Mimi nanyanyua mawe, daktari, siyali!"

Daktari alicheka. "Umelitengeneza mwenyewe, mama. Maji yakipungua mwilini, chumvichumvi za kwenye mkojo zinagandamana. Hili ni dogo, huenda likatoka lenyewe. Kojoa kwenye chujio, ukilipata uniletee tulipime. Ukipata homa au mkojo ukigoma, usingoje, njoo mbio. Na kuanzia sasa kunywa maji mpaka mkojo ukaribie kuwa mweupe. Chumvi punguza. Maziwa usiyaache, wengi hudhani ndiyo yanayoleta mawe, wanakosea."

"Nikinywa hivyo nitashuka. Nikishuka, kiti changu kitakwenda."

"Usipokunywa, litakuja jingine."

Kiti kile alikipigania miaka, na wazo la kukipoteza lilimuuma kuliko ubavu.

Jiwe lilitoka nyumbani, kwa dawa za maumivu na maji mengi. Alilitazama kwenye chujio, akaona ametukanwa. Lilikuwa dogo kuliko punje ya mchele.

"Yaani haka ndiko kaliniliza?"

"Ndiko," alisema mumewe, fundi viatu. "Na hilo chujio la chai lisirudi jikoni kwangu."

Alirudi kazini na dumu la maji begani. Msimamizi akalikodolea macho.

"Ngamia, hilo la nini?"

"La kunywa. Mkojo ulinikolea kwa kiu mpaka ukaganda jiwe. Nitakunywa, na nikibanwa nitashuka. Panga mizigo ukijua hivyo. Ukitaka mtu asiyekojoa, kamtafute."

Mama hakuinamisha macho. Msimamizi alikuna kidevu, akatazama mafundi, kisha akasogea karibu na kushusha sauti.

"Huo mkojo wako... ulikuwa rangi gani hasa?"

"Ya chai isiyo na maziwa."

"Mh," alisema, akijishika ubavu. Tangu siku hiyo pipa la maji likawekwa chini ya kreni, na wa kwanza kulifungua kila asubuhi alikuwa msimamizi mwenyewe.

Ikafika siku ya kupandisha tangi la maji la jengo, mzigo wa mwisho na mkubwa kuliko yote. Watu wamejipanga, kamba zimefungwa, na mama akashuka kwenda chooni. Hakuna aliyeguna. Alipokwisha kupanda tena, sauti ya msimamizi ikasikika kwenye redio ya kibandani.

"Tuko tayari, mama. Kunywa kwanza."

Akanywa. Kisha akalinyanyua tangi, akalizungusha juu ya vichwa vyao, akalikalisha kwenye paa bila hata kuligongesha. Chini watu walipiga miluzi, wakarusha kofia, na yeye, kwa furaha iliyomjaa mpaka machozi, akainua dumu wote walione.