Nilizamisha Mtumbwi, Nikamsingizia Mvushaji

Kosa ni langu mwenyewe, simtupii mtu. Namwomba mhariri asiweke jina langu, maana watoto wangu wanasoma huku huku Nachingwea. Lakini ninyi wasomaji nitawaambia yote. Nimechoka kulibeba peke yangu.

Miaka ile nilikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya karanga. Jamani, dereva wa trekta alikuwa mtu! Navaa kaptula ya kaki, viatu vya ngozi, nadhani hakuna chombo cha kunishinda duniani.

Mke wangu akajifungua mtoto wetu wa kwanza, nyumbani Ruponda. Akanituma nikamlete mama yake, aliyekaa ng'ambo ya Mbwemkuru. Ilikuwa masika, mto umejaa. Kwenda nilivushwa salama na Bwana Athumani, mwenye mtumbwi pale kivukoni. Siku ya kurudi, Ijumaa, hatukumkuta. Mkewe alikuwa ukingoni analoweka mihogo.

"Amekwenda kusali," akasema. "Msubirini, baba, hachelewi."

Kumsubiri? Mimi?

"Panda, mama," nikamwambia mama mkwe. "Mtu anaendesha trekta, atashindwa na gogo lililochongwa?"

"Mkwe wangu, mimi naona tungoje."

"Panda tu, mama!"

Akapanda kwa kunistahi. Nikasimama kama nilivyomwona Athumani akisimama, nikashika upondo, ule mti mrefu wa kusukumia. Nilisukuma mara mbili vizuri. Mara ya tatu upondo ukanasa kwenye tope, nami sikuuachia. Mtumbwi ukaenda zake, mimi nikabaki naning'inia! Nikajirusha kuufuata, nikaangukia ubavuni mwake, ukapinduka.

Loo! Sikujua kuogelea. Nilimng'ang'ania shingoni mama mkwe, mtu ambaye hata kula mbele yake nilikuwa naona haya. Yeye ndiye aliyenivuta kwa kola mpaka kwenye matete. Maji yalimvua nguo, yakachukua na mbeleko mpya ya mjukuu. Mke wa Athumani alikuja mbio akamfunika kwa kanga yake mwenyewe. Watu waliokuwa ndio kwanza wanafika kivukoni walicheka mpaka wakakaa chini. Mtumbwi ulikutwa mbele huko, umepasukia kwenye mawe.

Kama ningeishia kuchekwa, nisingeandika barua hii.

Jumbe alituita barazani. Akaniuliza ilikuwaje. Nikawaona wale wanaocheka, nikajiona na kaptula yangu yenye tope, ulimi ukateleza: "Mtumbwi ulikuwa umeoza chini. Mwenyewe alijua, na bado aliniambia nivuke."

"Mimi?" Athumani akashtuka. "Nilikuwa msikitini! Nilikuona wapi?"

Mkewe akasema kweli tupu. Jumbe akamjibu kwamba mke hakosi kumtetea mumewe. Akamgeukia mama mkwe. Mama alitazama chini, akasema hakumbuki kitu. Athumani akakatazwa kuvusha watu. Hazikupita wiki mbili, akahama na watu wake.

Nami nikanyamaza! Nilirudi kwenye trekta langu nikanyamaza!

Masika yaliyofuata, mama mkwe akafariki kwake, kule ng'ambo. Tulifika mtoni tukakuta maji yamejaa na kivuko kimekufa. Mke wangu alisimama ukingoni, mtoto mgongoni, akaliona jeneza la mama yake likipita upande wa pili. Alipiga kelele wamngoje. Nani amsikie, na mto unavuma vile?

Baadaye akaniuliza, "Hivi Athumani alihama kwa nini hasa?"

Nikamwambia. Nilishindwa kumdanganya pale.

"Mama alijua?"

"Alijua."

"Basi alinyamaza ili mimi nisiachike."

Hakunitukana. Ningependa angenitukana! Tunaishi pamoja hadi leo, ila kila jambo zito hulipeleka kwa kaka yake.

Nilimtafuta Athumani, nikampata Chunyu, analima ufuta. Nikapiga magoti palepale shambani. Hakuniinua.

"Umeshamwambia jumbe?" akauliza.

"Bado. Nimeanza kwako."

"Mimi nilikuwa naujua ukweli tangu siku ile. Nenda kawaambie wasioujua."

Nikaenda. Nilisimama mbele ya baraza, mtu mzima, nikaeleza nilivyoning'inia kwenye upondo na nilivyomng'ang'ania mkwe wangu. Wakacheka tena. Nilipofika kwenye uongo wangu, hakuna aliyecheka. Jumbe alimpelekea Athumani ujumbe arudi kivukoni. Alijibu kwamba ufuta wake umekubali, na kwamba watoto wake wamezoea.

Ndugu zangu, ukiharibu, sema umeharibu, siku ileile, nguo zikiwa bado zinachuruzika maji. Watu watakucheka, ndiyo. Watacheka jioni moja, wataenda kula. Mimi niliikimbia jioni hiyo moja, na mke wangu hakumzika mama yake.