Baiskeli ya Bluu ya Mama Dativa

Harufu ya mafuta ya taa iliyochanganyika na ya udongo mwekundu uliolowa bado hunirudisha uani kwetu, Bukiriro, msimu ule wa mvua wakimbizi walipokuwa wakivuka mpaka kutoka Burundi na vilima vya Ngara vikajaa moshi wa kuni mbichi. Mmoja wao alikuwa Mama Dativa, mwanamke mwembamba aliyeingia kwetu na mtoto mgongoni, akisukuma baiskeli ambayo hakujua kuiendesha. Baba alimpa chumba cha kuwekea kahawa. Tulielewana bila taabu, kwa kuwa Kihangaza chetu na Kirundi chao ni lugha za karibu mno. Alituambia kwamba alipotezana na mumewe njiani, watu walipotawanyika kwa hofu, na kwamba baiskeli ile ilikuwa ya mumewe.

Kila jioni, akitoka kusukuma mikungu ya ndizi za watu hadi sokoni, aliiosha kabla hajaonja chakula. Aliimwagia maji kwanza ili tope lilainike, akaifuta kwa kitambaa laini chenye sabuni, kisha akaikausha hadi kwenye maungio. Mafuta ya taa yalikuwa ya mnyororo tu. Fremu aliipaka mafuta ya mgando kidogo, tope lisigande. Siku moja mama yangu, kwa wema kabisa, alianza kuisugua kwa majivu kama sufuria. Mama Dativa akampokonya. Mimi nilikasirika. Niliona mgeni yule ana maringo, na sisi watoto tukamcheka kwamba baiskeli yake inaoga kuliko mwanawe.

Baba naye alimshauri aizungushie vipande vya nailoni, kama wafanyavyo wengi, ili rangi isichubuke.

"Hapana, mzee wangu," alijibu. "Rangi hii mume wangu aliipaka mwenyewe, ile iliyobaki tulipopaka mlango. Watu ni wengi mno. Mimi hataniona, ila bluu hii ataiona. Nikiifunika, atanipataje?"

Hakuna aliyemcheka tena. Mama akawa anamwekea kitambaa kikavu karibu na moto.

Siku moja ya gulio nilifuatana naye. Mwanamume aliyebeba dumu la maji alisimama ghafla, akaitazama fremu, akaipapasa. Nilidhani ndiye mumewe.

"Shemeji," akasema. "Nimeijua baiskeli ya kaka."

"Yuko wapi?"

Mwanamume yule akainamisha kichwa. "Tulimzika kabla ya kuvuka."

Mama Dativa hakulia pale. Aliigeuza baiskeli, shemeji yake akaipokea kuisukuma, tukarudi nyumbani. Jioni ile baiskeli ililala na tope lake, na mama yangu akakiondoa kitambaa karibu na moto.

Sasa naishi Biharamulo mjini. Mtu wangu akichelewa kidogo nampigia simu, nasikia sauti yake, na kununa nanuna. Mwanamke yule alitegemea rangi tu, na rangi haikumwangusha: ilimwonesha kwa ndugu, ikamletea habari. Kama ingechubuka, huenda angekuwa bado anasubiri, na tumaini lake likiwa zima. Nimekuwa mtu mzima, nimezaa, nimezika wangu, na mpaka leo sijui ningemtakia lipi, kujua au kuendelea kusubiri.