Bata Niliowapiga Kupitia Plaiwudi

Kwa mwaka mzima na ushei niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa elimu yangu yote, kwamba bunduki ya gemu ya televisheni hutoa miale inayopenya kioo, ikapenya na ukuta, na ikimpata mama mjamzito upande wa pili, mtoto huzaliwa na vidole vilivyoungana kama vya bata. Usicheke bado. Ngoja kwanza nikueleze ukuta wenyewe ulikuwa wapi, na mjamzito alikuwa nani.

Ilikuwa Kondele, miaka ya tisini, wakati gemu hizo ndiyo kwanza zinaingia mtaani kwetu. Fundi wa redio, mzee mpole ambaye miwani yake ilifungwa kwa waya wa redio, aliletewa na nduguye kisanduku cha gemu pamoja na bunduki ya plastiki. Unaichomeka, bata wanaruka kwenye televisheni, unalenga, unafyatua, wanaanguka. Fundi aliiweka dukani ili wateja wasichoke kungoja redio zao. Wateja wakazisahau redio. Wapo walioharibu redio nzima makusudi ili wapate sababu ya kurudi.

Mimi mchana nilikuwa nauza misumari na rangi katika duka la vifaa vya ujenzi, na jioni nilikuwa nasomea mtihani wa kidato cha nne pamoja na watu wazima wenzangu, wengine wenye wajukuu. Kati ya kazi na darasa nilikuwa na saa moja tupu. Saa hiyo niliwapa bata. Bwana, nilipiga bata! Wangekuwa wa nyama, watu wa Dunga kule ziwani wangeanika nyavu zao na kuacha uvuvi.

Sasa, televisheni ilikaa kwenye rafu iliyoegemea ukuta wa plaiwudi. Upande wa pili wa plaiwudi hiyo, mbele ya cherehani yake, alikaa fundi wa nguo mwenye mimba ya miezi saba. Mke wangu.

Aliyenifumbua macho, au tuseme aliyenifumba, alikuwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Alingoja mpaka wembe uko shingoni, mahali ambapo mtu hawezi kubisha.

"Omera, ni wewe unapiga bata kila siku?"

"Ni mimi. Bingwa mwenyewe."

"Na mama anakaa nyuma ya ukuta?"

"Anakaa."

Akaufuta wembe polepole. "Ndugu yangu, Nairobi kuna mtoto amezaliwa na miguu ya bata. Baba yake alikuwa mchezaji kama wewe. Ile miale haisimami kwa kioo."

Mtu ambaye hajasoma angecheka akaenda zake. Shida ni kwamba mimi nilikuwa nimesoma. Wiki hiyohiyo mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba eksirei hupenya nyama, na hospitalini nilikuwa nimeona kwa macho yangu tangazo mlangoni likiwaonya wajawazito. Nikajumlisha. Nilitoka kwa kinyozi nimenyolewa upande mmoja.

"Mama," nikamwambia mke wangu, "hebu hamisha cherehani uweke kwenye ile kona."

"Kona ina giza. Unataka nishone vifungo mgongoni mwa watu?"

Basi nikaleta kipande cha bati kutoka kazini, nikakipigilia kwenye plaiwudi nyuma yake. Nikasema ni kwa sababu ya panya.

"Panya gani hawa," akauliza, "wanaopita palepale penye tumbo langu tu?"

Bunduki sikuigusa tena. Lakini bata wa mwanzo walikuwa wameshapita, na hao hakuna bati la kuwarudisha. Nilikuwa nakaa darasani, mwalimu anachora ubaoni, mimi naona nyayo za bata.

Alizaliwa binti. Muuguzi akanipa amefungwa vizuri kwenye shuka, nami nikaanza kumfungua kutoka miguuni.

"Baba, kichwa kiko upande huu."

"Najua, sista. Naanza na msingi."

Nikatenganisha kidole kimoja kimoja. Kumi. Mikono, kumi vingine. Nilimshukuru Mungu kwa Dholuo, kwa Kiswahili, na kwa Kiingereza chote cha darasa la jioni. Kisha nikakimbia kwa kinyozi kumpasha.

"Vidole?" akasema. "Vidole viliokolewa na bati. Wewe ngoja atembee."

Nikangoja. Alipofika miezi kumi na mmoja, binti yangu aliuachia mguu wa cherehani, akasimama, akaenda. Yawa! Miguu mbali mbali, tumbo mbele, makalio nyuma, anayumba kushoto, anayumba kulia, mikono ameitandaza kama mbawa. Mke wangu alipiga vigelegele. Mimi niliketi juu ya rundo la vitambaa nikalia.

"Baba, unalia nini? Si mtoto ametembea!"

"Ni mimi, Mama. Ni mimi nilimpiga."

Nikamweleza yote, bata, miale, bati, kinyozi. Alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye mto wake. Hakucheka, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Alimbeba mtoto, akachukua leso, akanivuta kwa fundi wa redio. Pale akamtua mtoto sakafuni, akaitundika leso mbele ya televisheni.

"Piga."

"Mama, mtoto yuko..."

"Nimesema piga."

Nikapiga. Tuliwasikia bata wakilia nyuma ya leso, nami nikafyatua mpaka kidole kikavimba kama ndizi. Alipoinua leso, walikuwa wanaruka zao. Bingwa wa Kondele hakuangusha hata mmoja.

"Kwa hivyo," akasema, "risasi yako ilipita kioo, ikapita plaiwudi, ikanipita mimi, halafu leso ndiyo imeishinda?"

Nikamtazama fundi. Elimu yangu ilikuwa imeishia hapo. Mzee akachukua bisibisi, akaifungua bunduki, akanionyesha: kigae kidogo cha kioo, na nyuma yake kitu kama punje ya mtama.

"Haitoi kitu," akasema. "Hili ni jicho. Ukifyatua, linaangalia kama kuna mwanga wa bata mbele yake. Basi."

Pumzi ilinitoka ambayo nadhani niliishikilia tangu siku ya wembe. Hata hivyo, bado kulikuwa na jambo moja, na lilikuwa likitujia kwenye sakafu, likiyumba, mikono imetandazwa.

"Na hiyo miguu, Mzee?"

Fundi alimtazama binti yangu juu ya miwani yake.

"Ndiyo kwanza anaanza kutembea, Bwana. Watoto wote huanza hivyo."