Kitambaa cha Mama Mbili

Pale idara ya fizikia walimwita Mama Mbili, na si kwa sababu ya watoto. Mbili ndiyo namba aliyoing'ang'ania tangu ujana. Mtambo wake ulitoa chembe za mwanga mapacha, moja ikaenda kushoto, nyingine kulia, kila moja ikapimwa kwenye kichujio chake. Majibu yao, kupita au kuzuiwa, yalioana ajabu. Wenzake walisema chembe haina jibu mpaka ipimwe. Upuuzi mtupu, alisema yeye: zimezaliwa na majibu yao, yamefichika tu. Na kama ni hivyo, na mapacha hao hawasikilizani, basi kwa hesabu alama ya kuoana kwao haiwezi kuvuka mbili; ikivuka, yeye ndiye kakosea.

Mtambo wake ukatoa alama chini ya mbili. Akarudia, ikawa vilevile. Akatembea kifua mbele, na nyumbani mumewe akawatangazia mashemeji wote.

"Dada yangu," mkuu wa idara akamwambia kwa upole wa kuudhi, "vioo vya mtambo wako vichafu."

"Mwenzetu akipata juu ya mbili, mbona humwambii apanguse?"

"Kwa sababu uchafu hushusha alama. Haupandishi."

Nyongo ikampanda, maana alijua ni kweli. Katika kazi ile, vumbi tu lilitosha kumpa mtu wa dai lake ushindi. Angeweza kunyamaza. Lakini alitaka kumfunga yule bwana mdomo, akachukua kitambaa. Akapangusa vioo vya kushoto, akapangusa vya kulia, akanyoosha kichujio kilichokuwa kimepinda kidogo, akawasha.

Alama ikapanda. Ikafika mbili, ikapita bila hata kubisha hodi.

Akapangusa tena, kwa hasira sasa. Ikazidi kupanda.

"Hongera!" mkuu akashangilia. "Sasa mtambo wako mzima!"

"Hongera ya nini? Kama chembe hazikubeba majibu, zinaoanaje?"

"Sisi tunapiga hesabu, dada. Inatoka sawa, basi." Akaenda zake kunywa chai.

Mama Mbili alitamani amrushie kile kitambaa kisogoni. Miaka yote ile, na mtu hataki hata kushangaa naye! Simu ikaita. Alikuwa mumewe.

"Vipi mama, mbili yetu imesimama?"

Mkononi bado alikuwa na kitambaa, cheusi kwa vumbi.

"Haipo," akasema. "Nimeipangusa mwenyewe."