Chumba Chenye Komeo

Jumatatu nilipata habari kwamba yule mama mtaalamu wa mazoezi tiba katika hospitali yetu hapa Kahama amefariki. Wengi mtamkumbuka kwa vijana aliowasimamisha tena baada ya kuangukiwa na vifusi machimboni Rwamgasa. Mimi namkumbuka kwa jambo ambalo sijawahi kuliandika hapa.

Nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya hospitali alipokuja na maombi mawili: barua ya ruhusa akasomee tiba ya misuli ya nyonga kwa wanawake, wale wanaovuja mkojo baada ya kuzaa, na chumba kimoja chenye komeo. Mwenzake wa idara, mwanaume, alidakia kabla hatujasema neno. "Hayo ni ya wakunga. Mtaani wakiniuliza tunatibu nini, nitajibuje?" Wajumbe wakacheka. Nami, nisipitwe, nikasema, "Binti yangu, hapa ni machimbo. Tunaletewa migongo iliyovunjika, wewe unatupeleka chumbani?" Yeye hakucheka. "Mzee, mgongo mnausikia kwa sababu mwenyewe analalamika. Hawa hawalalamiki. Wanaacha tu kwenda harusini." Nikajibu kwamba kamati imesikia. Chumba tukakifanya stoo ya magongo, na barua sikuisaini.

Jumatatu hiyohiyo nilimweleza mke wangu habari za msiba. Aliweka chini ungo wa mchele. "Alikuwa ananitibu," akasema. Nikamuuliza alikuwa anamtibu nini. "Miaka yote hii, unafikiri kwa nini siendi Kharumwa kumwona dada yangu? Basi halisimami kila ninapotaka." Kumbe yule mama alijisomea mwenyewe alichoweza, akawa anawafundisha wanawake mazoezi mlemle stoo baada ya kazi. Mke wangu alishaanza kupata nafuu. Wiki ya sita mchimbaji mmoja akasukuma mlango akitafuta magongo, akamkuta amelala mkekani. Mke wangu hakurudi tena. "Sasa ningekwambiaje, mzee? Ulishatusimulia hapahapa mezani jinsi mlivyocheka."

Nasikia binti mwingine wa idara ile ameomba barua kama ile, na utani umeanza upya. Ninyi mliorithi viti vyetu, msiulize ni nani amelalamika. Mimi niliuliza hivyo, na aliyekaa kimya alikuwa akinipakulia chakula kila siku. Jana mke wangu aliniuliza kama safari hii mlango utakuwa na komeo. Jibu mnalo ninyi. Mimi langu nilishalitoa, na ndilo ninaloishi nalo.