Kuanguka na Bidoni Kichwani

Kwa Makuza, maziwa hayamwagwi. Ng'ombe wanaweza kuvunja ua, mvua inaweza kuteremka na nusu ya shamba la maharagwe, na mzee atatikisa kichwa tu na kujaza kiko chake upya. Lakini mtoto akimwaga maziwa, hata kikombe kimoja, sharti ang'oe majani mabichi, ayatandike pale yalipomwagika, kisha aende kwa ng'ombe aliyeyatoa na kumwomba msamaha kwa jina lake. Binti yake Nyiramana aliomba msamaha huo mara moja tu maishani, akiwa na miaka sita, mbele ya ng'ombe mwekundu aitwaye Bihogo. Bihogo alimtazama kwa dharau na kuendelea kucheua. Tangu siku hiyo mtoto yule hakumwaga tena.

Sasa ana miaka thelathini. Tangu alipokuwa na kumi na mitano, kila asubuhi alijitwika bidoni, dumu la maziwa, na kushuka kutoka malisho ya baba yake hadi sokoni Kitshanga, karibu saa mbili kwa miguu. Watu walimhurumia kwa mwendo huo, nao hawakujua walichokuwa wakikihurumia. Ukungu ulikuwa ukilala mabondeni, vilima vikichungulia juu yake na kupotea tena, na Nyiramana akipita katikati shingo imenyooka, mikono ikishika bidoni, huku akiota macho wazi. Alijenga nyumba, akaibomoa, akahamisha dirisha. Alizungumza na mama yake marehemu na kujijibu mwenyewe. Mahali pengine pote alikuwa binti wa Makuza au dada wa Gisa. Njiani alikuwa wa kwake mwenyewe, na aliipenda njia ile kuliko alivyowahi kumpenda mwanamume yeyote.

Mwaka jana, kiangazi kikielekea mwisho, mtu alimkamata kwa nyuma kwenye kona ya mikaratusi. Alimkaba shingo kwa shali yake mwenyewe, akamburuta hatua kadhaa kuelekea kwenye majani marefu, akampapasa kila mahali akitafuta simu, na labda akitafuta zaidi ya simu. Pikipiki ikasikika ikipanda, naye akakimbia. Nyiramana alibaki amesimama na alama nyekundu shingoni. Muda wote huo mikono yake miwili ilikuwa juu, imeshika bidoni.

Alirudi nyumbani. Makuza alipokea bidoni, akaitikisa karibu na sikio, akachungulia ndani, halafu ndipo akamtazama binti yake.

"Haukumwaga ata kidogo," alisema kwa sauti ya kujivuna. "Uko mutoto yangu kabisa."

Mzee alisema kwa upendo, hilo sitamnyima. Lakini maneno yale yalimkaa Nyiramana kooni kuliko shali. Alikuwa na mikono miwili yenye nguvu ya kukamua ng'ombe wanane, na yote miwili ilikuwa imeyalinda maziwa. Hakuna hata mmoja uliomlinda yeye.

Basi akaogopa njia. Gisa, kaka yake mdogo, akaanza kupeleka maziwa kwa pikipiki. Ikifika saa ya kuondoka, Nyiramana alisimama kwenye ua na kutazama ukungu ukimwita, miguu isitake. Makuza akakata shauri.

"Mvua ya pili ikianza na wewe ungali hapa, kazi itakuwa ya Gisa, njo mwisho. Siwezi kuwa na wachuuzi wawili kwa maziwa moja."

Kwa hiyo siku za soko akapanda nyuma ya Gisa, akaenda kutafuta mtu wa kumfundisha kutumia mikono yake. Alianzia kwa vijana wa ndondi, waliokuwa wakipiga gunia la mchanga nyuma ya vibanda vya nyama. Mkubwa wao, Honoré, alimkaribisha vizuri sana. "Kuja, dada, hatubagui. Lakini hiyo pua yako muzuri, uiage kabisa." Nyiramana aliishika pua yake, akaona bado anaihitaji. Wiki iliyofuata alitazama karate kwenye uwanja wa shule. Mavazi meupe yalimpendeza, na kelele walizopiga kwa pamoja zilimsisimua. Lakini kila mara waliinua mguu mmoja mpaka kichwani kwa mtu. Miguu yake ilikuwa imelelewa kwenye miteremko ya utelezi, na mtu anayesimama kwa mguu mmoja kwenye tope la Masisi ameshajipiga mwenyewe.

Kwa Kavira alifika kwa bahati tu, akitafuta kufuli. Kavira ni mfanyabiashara kutoka Butembo, mama mnene wa miaka hamsini, anauza misumari, mabati na kufuli, na Jumapili haikosi misa. Nyuma ya depo yake ana uwanja uliofunikwa kwa turubai la buluu, na chini yake magunia yaliyojazwa maganda ya mahindi na vumbi la mbao, yameshonwa pamoja kuwa godoro moja pana. Alijifunza judo ujanani, katika kikundi cha parokia kwao. Wanawake kama kumi hivi walikuja pale mara mbili kwa wiki. Mmoja aliambiwa na daktari apunguze mwili, mwingine alitaka kulala usingizi vizuri, mwingine alikuwa na sababu asiyoisema na hakuna aliyemuuliza. Walivaa makoti ya mitumba yaliyoshonwa kola mara mbili, kwa kuwa katika judo ni kola inayoteseka kwanza.

Nyiramana alisahau kufuli. Mwanga uliopita kwenye turubai ulikuwa wa buluu, na wanawake wale walizunguka wawili wawili, wameshikana kola na mikono, polepole, kama watu wanaocheza chini ya maji ya ziwa. Halafu mmoja akaruka juu, akapinduka na kutua, mkono wake ukapiga godoro *pa!* Akaamka akicheka.

"Muko munafundisha nini hapa, Mama?" Nyiramana aliuliza.

"Kuanguka," Kavira alijibu. "Miezi miwili ya kwanza, kuanguka tu. Hauanguke na mugongo, utaumia. Unaanguka na upande, kidevu kwa kifua, na mukono unapiga chini. Muntu akishajua kuanguka, haogopi tena kuvutwa."

Nyiramana akavaa koti.

Ni rahisi kusema. Mwili wake ulikuwa imara kuliko wa wote mle, pumzi haikumwishia, na kusimama alisimama kama mti. Tatizo lilikuja Kavira alipomwangusha kwa mara ya kwanza. Badala ya mkono kupiga godoro, mikono yote miwili iliruka juu na kushika hewa pembeni mwa kichwa. Alitua kwa mgongo, *bu*, pumzi zote zikamtoka. Mara ya pili, hivyo hivyo. Mara ya kumi, hivyo hivyo. Wanawake wakacheka hadi wakakaa chini.

"Uko unashika nini pale juu?" Kavira aliuliza.

Nyiramana aliitazama mikono yake. Alikuwa anashika bidoni. Hapakuwa na bidoni, na alikuwa anaishika.

Kavira hakucheka. Alimketisha kwenye boksi la misumari, akamsikiliza hadithi nzima, ya kona, ya shali na ya maneno ya baba. Siku iliyofuata alileta bidoni ya maji, akamtwika juu ya godoro, akamwambia aanguke. Nyiramana alisimama mpaka shingo ikaanza kutetemeka. Hakuanguka. Ilimchukua wiki tatu. Siku mikono ilipoachia, maji yakafunika uwanja mzima, magunia yakalowa, na darasa likaahirishwa siku nne ili maganda yakauke. Kavira alipiga makofi kama mtu aliyepata mjukuu.

"Lakini Mama," Nyiramana alisema akikamua koti lake, "maji ni maji tu. Maziwa, sijui."

Nyumbani alifanya mazoezi malishoni, mchana, ng'ombe wakiwa wamelala. Aliinama kwao kwanza, jinsi Kavira anavyodai watu wasalimiane kabla ya kushikana. Kisha akajirusha upande kwenye majani laini, akaamka, akajirusha tena. Akiwa angani, kitambo kile kifupi, mawingu yalikuja karibu naye, na kilima kikageuka taratibu bila haraka yoyote. Alianza kukipenda kitambo hicho. Aliota hata kwamba ameanguka kutoka kileleni na ardhi imechelewa kufika, na mama yake ameketi kando anachambua maharagwe na kumhesabia.

Makuza alimtazama kutoka kwenye ua, kiko mdomoni.

"Ng'ombe zangu zinaanguka bila mwalimu," alisema.

"Zinaanguka na mugongo, Papa. Sisi tunaanguka na upande."

"Upande gani?"

"Ule wenye muntu anakuvutia. Kushoto ao kuume, yote nayaweza."

Mzee aligeuka akaenda zake, akinung'unika kwamba mtu mzima anarukaruka kama chura mbele ya mifugo. Lakini kesho yake alikuwepo tena, saa ileile.

Mvua ya pili ilipoanza kunukia, Nyiramana alijitwika bidoni na kutoka mlangoni. Gisa alikuwa ameshawasha pikipiki, akaizima. Njia ilimpokea kama vile hakuwa ameondoka: ukungu ule ule, vilima vikichungulia. Alilia kidogo akitembea, kwa furaha, machozi yakishuka bila shingo kuinama. Siku ya kwanza akafika. Ya pili, ya tatu, wiki nzima, akafika. Alianza kujenga tena nyumba zake za njiani, na safari hii dirisha lilielekea malishoni.

Siku ya tisa, kwenye kona ya mikaratusi, kola ya koti lake ilikaza ghafla kwa nyuma.

Hakuona uso. Mpaka leo hajui kama alikuwa yule yule au mwingine. Alisikia pumzi ya mtu shingoni, na mkono ukamzunguka koo, na ulimwengu ukapoa, ukawa mpole, kama chini ya turubai la buluu. Mikono yake ilikuwa juu. Alikumbuka Bihogo, macho yake makubwa ya dharau. Alikumbuka majani mabichi ya kung'oa. Lita kumi, za moto bado, za ng'ombe wanne ambao aliwajua kwa majina.

Akaachia.

Bidoni ilishuka, na kabla haijafika chini mikono yake miwili ilikuwa imeshateremka kwenye kifundo cha mkono ule wa koo, imeushika mkono wa koti la mtu yule na kuuvuta. Hakushindana naye. Alikwenda kule alikovutwa, akazidisha, akaanguka upande wa kushoto pamoja naye. Mtu yule akampita juu ya bega, akatua kwenye mteremko na kubiringika mpaka kwenye mtaro. Mkono wa Nyiramana ulipiga tope *pa!* Akaamka. Kavira alikuwa ameshawaambia mara mia kwamba judo ya barabarani inamalizikia miguuni, basi akaokota bidoni na kukimbia kupanda, akipiga kelele zote za karate alizowahi kuzisikia kwenye uwanja wa shule. Nyuma yake maziwa yalitiririka meupe katikati ya njia, mtu wa mtaroni akachechemea kuelekea upande mwingine.

Karibu na nyumbani mbio zikawa mwendo. Bidoni ilikuwa imebonyea na haina kitu. Sasa ndipo hofu ilipomshika, na si ya mwizi.

Makuza alikuwa kwenye ua. Aliona tope kuanzia kisigino hadi nywele. Akaipokea bidoni, na kwa wepesi wake ilikuwa imeshasema yote. Hakuitikisa. Hakuchungulia ndani. Aliiweka chini kando ya mlango.

Kisha akainama, akang'oa konzi ya majani mabichi. Nyiramana akafumba macho, akijiandaa kurudi kwenye kona kuyatandika na kumwomba msamaha kila ng'ombe kwa jina.

"Geuka," mzee alisema.

Aligeuka. Akahisi majani baridi mgongoni, yakisugua taratibu, yakishusha tope kutoka shingoni hadi kiunoni, jinsi anavyosuguliwa ndama aliyezaliwa sasa hivi.

"Ulianguka na upande gani?"

"Wa kushoto, Papa."

Makuza aling'oa konzi nyingine ya majani.

"Njo ule wenye alikuvutia," alisema, akaendelea kumpangusa.