Friji la Kukaushia Perege

Leo sokoni harufu ya perege waliokaushwa kwa moshi ilinisimamisha. Nikamkumbuka mama, nilipokuwa mdogo, uani kwetu Kizota, akifunga koili ya jiko la umeme ndani ya friji bovu. Moshi wa kuni ulikuwa unamharibia macho, na samaki ndio waliotulisha.

"Utatuunguza, mama watoto," baba alisema.

"Basi kaa mbali."

Hakukaa mbali. Mama alinyunyiza maranda ya mbao kwenye bati juu ya koili, akapanga samaki, akafunga mlango na kuwasha umeme. Baba alisimama kando ya swichi, tayari kuizima.

Jioni perege walitoka wakiwa na rangi ya asali, ngozi ikimeta kwa mafuta. Baba akamega mmoja, akatafuna, kisha akapaza sauti juu ya ukuta wa ua: "Jirani, njoo uone alichounda mke wangu!"